Waraka Usomwe Mpaka Jikoni

Hotuba ya Mkuu wa Chuo kwa wazazi, watumishi na wanafunzi wa chuo cha maendeleo ya wananchi, mkoani Tabora

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo, ndugu viongozi wa kata na vijiji, wazazi na walezi, watumishi wenzangu, na ninyi wanangu wanafunzi: mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni.

Bodi imeniomba nieleze jinsi chuo kinavyowashika mkono wanafunzi na watumishi pale serikali inapobadilisha sera. Ningeweza kuanza na sera zenyewe, lakini nitaanza na mama mmoja mpishi, kwa sababu karibu yote ninayoyaamini kuhusu jambo hili nilijifunza kwake, na nilijifunza kwa aibu.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa mkufunzi wa ushonaji kwenye chuo kingine, si hiki. Mtakumbuka mwaka ule ulikuwa wa uhakiki. Mwezi Aprili, pale Dodoma, ilikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, na tangu siku hiyo kila mtumishi akawa anashika faili lake kwa mikono miwili. Baadaye ikaja zamu ya watumishi wenye elimu ya darasa la saba. Sharti la kidato cha nne kwenye ajira ya serikali lilikuwa linahesabiwa tangu 20 Mei 2004. Mama yule aliajiriwa 1998. Tarehe ile haikumgusa hata kidogo. Lakini mwezi mmoja mshahara haukuingia, wa pili haukuingia, na alipokwenda ofisini akaambiwa tu, "Mama, wewe ni darasa la saba."

Hakuna aliyemuuliza aliajiriwa lini. Hata mimi sikumuuliza, na nilikuwa nakula chakula chake kila siku. Aliweka funguo za stoo mezani, akajifunga khanga yake, akaondoka.

Aprili 2018 serikali ikasema Bungeni kwamba wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudishwe kazini na walipwe stahili zao. Sisi wenye redio na simu tulisikia siku ileile. Yeye alikuwa kijijini kwao akilima vibarua kwenye mpunga wa watu. Zilipita wiki sita kabla mtu hajamfikishia habari, na mtu huyo hakuwa mimi. Barua yake ya ajira alikuwa ameitunza miaka yote ndani ya mfuko wa rambo, chini ya nguo, sandukuni. Tarehe ilisomeka vizuri kabisa. Alirudi, akalipwa, akashika mwiko wake. Aliponipakulia siku ya kwanza hakunilaumu kwa neno lolote, na ugali ule ulinishinda kumeza.

Ndugu zangu, kati ya waraka na mama yule palikuwa na pengo. Pengo lile hatuwezi kuitupia serikali peke yake. Lilikuwa na watu ndani yake, watu wanaojua kusoma, na tulikaa kimya. Sera ikibadilika, anayeumia kwanza ni yule ambaye karatasi inamfikia mwisho. Kazi ya chuo kama hiki ni kusimama kwenye pengo hilo.

Ndiyo maana nilipoletwa hapa kuwa Mkuu, tulianzisha kikao cha Alhamisi saa nane mchana, chini ya mwembe huu huu tuliokalia leo. Waraka ukija hauishii kwenye faili langu. Unasomwa kwa sauti, polepole, na anayeusoma ni mtu wa idara inayoguswa. Mlinzi yupo, mpishi yupo, matroni yupo, wawakilishi wa wanafunzi wapo. Tukimaliza kusoma tunauliza: hapa kwetu unamgusa nani, kwa jina lake? Na mtu huyo anatakiwa afanye nini, kabla ya tarehe gani? Majina yanaandikwa kwenye daftari la kaunta. Alhamisi inayofuata tunaanza na majina hayo kabla ya jambo lingine lolote.

Wapo watakaosema ni maneno mengi kwa karatasi tu. Lakini sisi watu wa mkoa huu tuna sababu ya kuwa waangalifu na mambo makubwa yanayotangazwa kutoka mbali. Jirani zetu wa Urambo wanaujua Mpango wa Karanga. Ulianza 1947, mkoloni akiwa na matrekta na hesabu zilizopigwa London, ukashuka Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliokuwa wakilima ardhi ile hawakuulizwa inashika mvua namna gani wala inakauka vipi. Mwaka 1951 ukafutwa. Tangu hapo mzee wa huku akisikia mpango mpya husikiliza kwanza kwa sikio moja, na simlaumu. Anayetaka asikilizwe kwa masikio mawili amweleze mzee huyo mambo yanayomhusu, kwa lugha anayoielewa, na ajibu maswali yake.

Hata chuo chenyewe ni mtoto wa mabadiliko. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza 1975, Mwalimu Nyerere alipovutiwa na vyuo vya watu wazima vya Uswidi, mtu mzima ajifunze bila kuulizwa alifeli nini. Miaka mingi tulikuwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Mwaka 2017 tukahamishiwa Wizara ya Elimu. Nakumbuka hofu ya watumishi wakati ule: je, kozi fupi za wanakijiji zitakufa? Tutageuzwa kuwa sekondari? Hazikufa. Lakini zilibaki kwa sababu kuna watu walikaa na wizara wakaeleza kwa nini mama wa kijijini anahitaji wiki mbili za kusindika asali, wakati miaka miwili ya darasani hana.

Sasa niseme la mabinti, na hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule, hata kwa sababu ya ujauzito, anaruhusiwa kurudi. Waraka ukatoka, ukatoa muda wa miaka miwili kurudi kwenye shule ya kawaida. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, binti aliyepata mimba aliondolewa na habari yake ikaishia hapo. Habari ya kukatazwa ilikuwa imefika vijijini kwa bodaboda. Habari ya kuruhusiwa ilikuja kwa miguu.

Asubuhi moja ya mvua, mwaka 2023, nilimkuta binti amesimama nje ya geti letu. Mtoto mgongoni, kanga imelowa chapachapa, mkononi ndoo ndogo yenye nguo na daftari moja lililofungwa kwa nailoni lisilowe. Alikuwa ametoka vijiji vya tumbaku, amelala kwa shangazi mjini, na alikuwa hapo getini tangu saa moja. Mlinzi alimwambia arudi na mzazi. Mlinzi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anashika agizo aliloachiwa na mlinzi aliyemtangulia, na agizo lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko waraka. Sisi ofisini tulikuwa tumeusoma waraka, tumeufurahia, tumeufungia kabatini. Getini haukufika.

Matroni alimpa uji, mtoto akabadilishwa nguo kavu. Jioni baba yake akanipigia simu. Aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mwalimu, huyu si alishakatazwa?" Miaka miwili, ndugu zangu. Baba aliyempenda mwanawe alikaa naye nyumbani miaka miwili akiamini anatii sheria.

Muda wake wa kurudi shule ya kawaida ulikuwa umempita kwa miezi michache. Aliyepitwa na mlango ule, mlango wake ni sisi. Vyuo vyetu vina programu ya Elimu Haina Mwisho, inayowapa mabinti walioacha shule masomo ya sekondari pamoja na stadi ya mkono, na mtoto analelewa hapahapa chuoni mama akiwa darasani. Mkiangalia ratiba ya karakana ya ushonaji mtaona mapumziko saa tatu na nusu na saa sita kamili. Yamewekwa hapo kwa ajili ya kunyonyesha. Mkufunzi aliyekuja mwaka jana alidhani ni kosa la uchapaji, akataka kuyaunganisha. Wanafunzi wenyewe wakamweleza, naye leo ndiye anayeyalinda kuliko wote.

Tangu asubuhi ile, karatasi ya kwanza kwenye kibanda cha mlinzi ni tafsiri fupi ya waraka, imeandikwa kwa herufi kubwa: binti mwenye mtoto apokewe, akalishwe, aitwe matroni. Hakuna kuomba mzazi kwanza. Na wenyeviti wa vijiji mliopo hapa, mmetusaidia sana kuisoma kwenye mikutano yenu. Endeleeni. Jambo moja tu: nimesikia wapo wanaokiita chuo hiki chuo cha walioharibikiwa. Naomba neno hilo lisivuke geti. Hakuna binti aliyeharibika hapa.

Nije kwa wakufunzi, maana najua kinachowanyima usingizi.

Tarehe 1 Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi. Msingi unakuwa miaka sita badala ya saba, na sekondari inakuwa na mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi. Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Walioanza nayo darasa la tatu mwaka ule wanafika la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza la saba.

Swali la wakufunzi wetu, walilolitoa chini ya mwembe bila kuzunguka, ni hili: kwa miaka hamsini tumepokea waliomaliza darasa la saba bila nafasi ya sekondari. Kila mtoto akiendelea mpaka kidato cha nne, na amali ikifundishwa sekondari, sisi tutamfundisha nani?

Swali hilo ni la haki na sitalifunika kwa maneno matamu. Idadi ya vijana wadogo inaweza kupungua. Lakini tembeeni nami hatua mia tatu kutoka hapa mpaka gereji na mabanda ya mafundi. Mtakuta fundi anayeunda milango miaka ishirini, mikono yake inajua mninga kuliko mikono yangu inavyojua sindano, hana cheti hata kimoja, na kila zabuni ya serikali inampita. Kuna utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa anachokijua, anaongezewa pale palipopungua, anapewa cheti. Mafundi hao ni wanafunzi wetu na hawajui. Na shule za amali zikiongezeka zitahitaji karakana, zitahitaji walimu wanaojua kunoa randa. Tumeshawaandikia wakuu wa shule za jirani kwamba milango ya karakana zetu iko wazi mchana ambao sisi hatuitumii.

Kwa watumishi wenye ujuzi wa kazi lakini wasio na cheti cha kufundishia, safari ni ya Morogoro, kwenye chuo cha ualimu wa ufundi stadi. Mkufunzi wetu wa uashi yuko huko sasa. Vipindi vyake wamegawana wenzake watatu, na Bodi ilikubali kwamba akirudi atakuta nafasi yake. Kwenye daftari la Alhamisi aliandikwa mwaka mzima kabla hajaondoka, na hakushtukizwa na mtu.

La mafao ya kustaafu nitalipitia haraka, kwa kuwa wengi mlikuwepo. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao hayo, cha Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33. Mwaka 2024 wale waliokuwa kwenye asilimia 50 zamani, wakashushwa hadi 33, wakapandishiwa mpaka 40. Mzee wetu wa useremala alikuwa amechora nyumba ya vyumba vinne kwa hesabu ya 50. Mhasibu alimkalisha, wakapiga hesabu ubaoni mbele ya wote, na mzee akafuta vyumba viwili kwa kidole chake. Iliuma kutazama. Lakini alifuta kwenye ubao, kabla hajamwaga msingi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ile ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nayo ilisitishwa Aprili 2023, vijana watano wa ushonaji wakiwa wameshasajili kikundi na kujaza fomu. Tuliwaachia vyerehani vya chuo jioni na Jumamosi wasipoteze wateja. Mikopo iliporudi walikuwa bado kikundi. Mmoja wao ameshona suti niliyovaa.

Sasa jikoni.

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mwisho wa kwanza ulipangwa Januari 2024. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naiunga mkono sera hii kwa moyo wote. Mimi ni mtoto wa miombo. Nimeona misitu ya utotoni mwangu ikiishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na matanuri ya mkaa, na nimeona warina asali wakitembea siku mbili kutafuta mti wa kutundika mzinga. Nimeona pia kikohozi cha wapishi wetu. Ukuta wa jiko la zamani ni mweusi mpaka kwenye mapaa, na kifua cha mtu hakioshwi kwa chokaa.

Lakini waraka ule uliposomwa, mpishi wetu mkuu alinyamaza. Tulimsubiri. Mwishowe akasema, "Mimi mtungi naogopa. Kuni ikikasirika unaitoa. Gesi ikikasirika unaitoaje?" Fundi aliyefunga mitungi aliombwa arudi siku tatu mfululizo, na hakuja kukagua kitu, alikuja kupika. Alipika pamoja nao: uji asubuhi, maharage, ugali wa watu mia na themanini. Wanafunzi wa uchomeleaji walichomelea stendi nzito ili sufuria kubwa isiyumbe wakati wa kusonga, maana songa ya ugali wa watu wengi inasukuma kwa nguvu na stendi za dukani zilikuwa zinateleza kwenye sakafu. Siku ya nne mama alifungua mwenyewe, akasikiliza, akawasha. Akasema moto huu hauna sauti, inabidi uutazame. Leo ndiye anayewafundisha wapishi wa shule mbili za jirani.

Manunuzi nayo yalihamia NeST, mfumo wa serikali wa kununua kwa mtandao, mwaka 2023, na mama zetu wa maharage sokoni wakajikuta nje, hawana namba ya mlipakodi wala usajili wa kwenye mfumo. Mwalimu wa kompyuta aliwafungulia darasa Jumamosi nne. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na ingekuwa dhambi fungu hilo lilale kwa sababu hakuna aliyewaonyesha pa kubonyeza. Kikundi chao sasa kimesajiliwa.

Yupo mmoja ambaye hatukumwandika kwenye daftari. Kwa miaka mingi kuni za chuo hiki zililetwa na mzee mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tuliposoma waraka wa nishati tuliuliza unamgusa nani, tukaandika wapishi, mhasibu, mtunza stoo. Yeye hatukumwandika, kwa kuwa si mtumishi wala mwanafunzi. Alikuja Jumatatu na mzigo kamili, akakuta jiko jipya. Aligeuza ng'ombe wake bila kusema kitu. Nilisimama dirishani nikamwona, na nikamkumbuka mama wa funguo za stoo.

Nimezungumza na Bodi. Bustani ya chuo inahitaji maji kila siku kipindi cha kiangazi, bomba halifiki, na tunahitaji samadi. Ipo kazi ya mkokoteni, ina malipo, na itaandikwa kwa mkataba.

Mzee wangu, nakuona umekaa mstari wa nyuma karibu na baiskeli. Shikamoo. Nakuomba usiondoke kabla hatujakaa na mhasibu, karatasi iko tayari, na itasomwa kwa sauti kabla hujaweka dole gumba.